Penseli Iliyogoma Kuruka

Sehemu ya Tisa

Kama umejiunga nasi leo, keti tu, hujachelewa. Nadine Purvis, mpamba keki wa supamaketi moja pale mjini Pruitt, jimbo la Missouri, alikuwa ameshaandika KWAHERI kwa krimu ya bluu juu ya keki nyeupe. Akageukia karatasi ya oda aone ni kwaheri ya nani. Karatasi ilisema Nadine. Chini yake: itachukuliwa Jumamosi.

Hakupiga kelele.  Akalikwangua lile neno kwa kisu mpaka likaisha, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye trei zake.

Hiyo ilikuwa jana, Jumatano. Oda ilitumbukizwa kwenye kisanduku cha kaunta bila jina la mteja wala namba ya simu, na msichana wa zamu hakumbuki ni nani aliyeiweka. Habari ya keki Nadine hakumwambia kiumbe. Aliona aibu, sijui aibu ya nini, utadhani yeye ndiye mkosaji. Jioni alimweleza mtu mmoja tu, Wendell Strode, tena kwa kifupi: kuna mtu amenitishia kazini, anasema Jumamosi. Neno keki halikutoka kinywani mwake. Hilo msomaji lishike, usiliachie.

Wa kumtishia ni nani kama si Royce? Royce ni mtalaka wake, yule aliyempiga siku ile mpaka majirani wakavunja mlango. Gereza lilimtema wiki tatu zilizopita, na mji mzima ulijua.

Na Wendell? Huyo ni jirani yake, mkuu wa wale wanaume wanaolilinda kanisa, ambao kila Jumapili hukaa viti vya nyuma, bastola zimelala chini ya makoti yao ya ibada. Miaka sita amemkatia Nadine majani ya uani. Tangu Nadine apasuliwe kiganja cha kulia, kiganja kilichochakaa kwa kukamua krimu miaka ishirini, ni Wendell anayemfungulia chupa za jamu. Wakati wa Pasaka alimwomba ndoa. Nadine akamkatalia kwa upole, akamwambia wewe ni kaka yangu. Wendell akacheka, akamaliza pai yake, maisha yakaendelea.

Jana hiyohiyo, baada ya kusikia neno Jumamosi, Wendell alimchukua mama yake Nadine, bibi Opal wa miaka sabini na tisa, pamoja na mtungi wake wa hewa ya kupumulia na runinga yake, akampeleka kulala nyumbani kwake Barabara ya Machimbo. Sherifu, mkuu wa polisi wa pale, alisema Wendell, hawezi kumkamata mtu kwa vitisho hewa. Kilichobaki ni Nadine kutafuta bastola ya kubeba mwilini, ya siri, na kujifunza kuitumia kabla ya siku hiyo.

Ndipo Alhamisi asubuhi pikapu ya Wendell ikasimama mbele ya duka la Oleta Hagan.

Duka la Oleta huuza bastola upande mmoja na chambo upande wa pili. Friji la minyoo linanguruma karibu na rafu za risasi. Oleta mwenyewe ni mjane wa fundi bunduki, amepita sabini, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na hana muda wa kubembeleza mtu. Wendell alimwambia Nadine atangulie, yeye anavuka barabara kununua mikate ya moto yenye soseji. Akaongeza kwamba kazi ya kuchagua ameshaifanya yeye: kuna bastola amemwekea pembeni.

Kweli ilikuwepo, na kikaratasi chenye jina la Nadine kimefungwa kwenye kifyatuo. Bastola ndogo, nyeusi, nene. Oleta akatoa magazini, akahakikisha mara mbili kwamba haina kitu, akaiweka juu ya kioo.

"Ikoki."

Nadine akashika kile chuma cha juu akavuta nyuma. Hakikwenda. Akavuta tena, meno ameyauma, kovu la kiganja likamchoma mpaka kwenye kiwiko. Kikasogea upana wa kucha kikarudi. Jasho likamtoka. Alimwona Royce kichwani mwake akipanda ngazi za nyumba yake, taratibu, huku yeye akihangaika na kipande cha chuma kisichofunguka.

Oleta akamtazama kiganja, akamtazama usoni. Akamuuliza atakuwa anaibeba wapi. Nadine akajibu kama alivyofundishwa na Wendell: chini kabisa ya mkoba, zipu imefungwa, na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu kwa usalama.

"Usalama wa nani?" Oleta akauliza. "Yaani jamaa anakushika koo, wewe unamwambia ngoja baba, nifungue zipu, nipekue, nitoe, halafu nikoki kitu ambacho hakikokeki. Aliyekuchagulia hii anakupenda kweli?"

Nadine akacheka kidogo, kicheko cha woga, akamtetea Wendell. Akasema ni wanaume tu, wanadhani kila mtu ana mikono kama yao. Oleta akakubali. Alisema kila wiki anakuja mume mmoja kumchagulia mkewe bastola, na kila wiki anachagua vibaya. Mmoja huleta nzito ya kuulia dubu, mwingine huleta ya rangi ya waridi. Basi moyo wa Nadine ukatulia.

Oleta akaanza upya, kama mama anayemvalisha binti viatu. Akatoa rivolva nyepesi sana, akaitoa mkononi mwa Nadine kabla hajaizoea: kitu chepesi kikilia kinarudi kwa nguvu, na kiganja hiki hakitavumilia risasi ya pili. Akatoa nyingine, kubwa, ya kupendeza. Akaichomeka kiunoni mwa Nadine, akamwambia ainame kama anavyoinama kuchukua trei za chini. Kitako cha bastola kikatokeza chini ya blauzi, hata kipofu angekiona. Ikarudi kabatini.

Ya nne ilikuwa ya kijivu, ya wastani, tena si mpya. Nadine akaishika akitarajia maumivu. Akavuta. Chuma kikaja nyuma taratibu, kama droo ya meza iliyopakwa mafuta. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu bila sababu yoyote, kwa raha tu, na machozi yakamlenga.

"Sasa tuone kama ni nzima," Oleta akasema.

Akatoa penseli nyuma ya sikio lake. Akahakikisha tena kwamba bastola ni tupu, akaikoki, akaielekeza juu, akaidumbukiza penseli ndani ya mtutu, upande wa raba ukitangulia, akafyatua. Tak! Penseli ikaruka kama panzi, ikagonga dari, ikaangukia kwenye ndoo ya minyoo.

Hivyo ndivyo marehemu mume wake alivyokuwa akipima, alisema Oleta akiifuta penseli kwa aproni. Pini ya ndani, ile inayoipiga risasi, ikigonga, penseli inaruka. Isiporuka, ulichonacho ni chuma cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Nadine akachagua mfuko wa bastola wa kuvaa kiunoni, unaokaa chini ya aproni bila kujionyesha. Akajaza fomu. Oleta akaingia kwenye simu kuiuliza serikali kama jina hili ni safi. Kwa kawaida jibu huja kabla kahawa haijapoa. Nadine alisimama akiishika ile bastola ya kijivu kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi njaa.

Jibu likaja. Oleta akakata simu, akavua miwani.

Si kukataliwa. Ni kusubirishwa. Siku tatu za kazi, labda kwa sababu ya majina yaliyofanana, labda kwa sababu ya zile kesi zake na Royce, serikali haielezi. Kama hakuna neno baya, aje aichukue Jumatano ijayo.

Nadine akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Hesabu ni ileile. Jumamosi ingefika kwanza, na Jumatano labda watu watakuwa wanamletea mama yake maua. Akaomba. Akasema nitakuwa nimekufa, mama. Oleta macho yakamjaa maji, lakini akatikisa kichwa: akiitoa leo bila jibu, anafunga duka na anakwenda jela.

Kengele ya mlango ikalia. Wendell akaingia na mfuko wa mikate ya moto.

Jamani, kuna watu wanajua kufariji. Alisikiliza habari yote kichwa kimeinama, akamshika Nadine bega, akasema usilie, hili dogo. Sheria ya kusubiri ni ya dukani. Mtu kumpa jirani yake bastola yake mwenyewe, Missouri haina neno. Akatoka, akarudi na bastola ya zamani iliyofungwa kitambaa, ya marehemu mama yake. Akamwambia Nadine ajaribu.

Nadine akakoki. Ikaja laini, kwa vidole viwili.

"Unaona?" Wendell akasema. "Mama naye alikuwa na mikono mibovu. Ile nyingine niliyokuwekea nilikosea, nisamehe dada yangu. Chukua hii, mpaka mambo yapite."

Nadine alimkumbatia pale pale, mbele ya minyoo na risasi. Alijiona mjinga kwa kumshuku hata kwa dakika moja. Wendell akasema mfuko wake uko chini ya kiti cha pikapu, ngoja aulete, akatoka tena akipiga mluzi.

Oleta aliichukua ile bastola. Si kwa kumshuku mtu, ni mazoea tu ya mkono. Haipiti bastola juu ya kioo kile bila kupimwa. Akahakikisha ni tupu. Akaikoki. Penseli ndani, raba mbele. Akafyatua.

Tik. Penseli haikuruka.

Akarudia. Tik. Penseli imesimama ndani ya mtutu, wala haitikisiki.

Nadine akasema labda ni uzee, labda inataka mafuta.  Vidole vya Oleta vya miaka sabini viliifungua ile bastola haraka kuliko mtu anavyomenya yai. Akatoa pini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwili wote ulikuwa mweusi wa kizamani. Ncha ndiyo iliyokuwa inang'aa, bapa kama msumari uliokatwa kichwa.

"Hii haikuvunjika," akasema taratibu. "Imekatwa kwa tupa. Tena chuma kilichokatwa zamani hufifia. Hiki cha juzi."

Nadine akatafuta pa kujishikiza. Labda Wendell hajui. Labda ni fundi. Labda mama yake mwenyewe, enzi zile, aliogopa watoto. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, na Oleta akamwacha amalize.

"Mwanangu, ulianza lini kufikiria kununua bastola?"

"Jana usiku. Baada ya kutishiwa."

"Wendell alikuja hapa Jumatatu," Oleta akasema. "Alikoki kila bastola iliyomo humu, akaniuliza ipi ni ngumu kuliko zote. Mwanzo nikadhani anajitafutia mwenyewe. Kisha akaniambia nifunge jina lako, kwamba utakuja Alhamisi."

Jumatatu. Jumatatu Nadine alikuwa akipamba keki za watoto na kuimba. Jumatatu hakukuwa na karatasi, hakukuwa na kitisho, hakukuwa na sababu yoyote duniani ya mtu kujua kwamba Alhamisi atasimama hapa akitetemeka.

Akajishika kwenye friji. Yote yakamjia kwa mkupuo: pai ya Pasaka, kile kicheko, majani yaliyokatwa miaka sita. Kumbe Wendell alitaka kila mtu aone anamsaidia. Alitaka Nadine ajione ana silaha ili asitafute nyingine. Na Jumamosi ikishapita, mji mzima ungemtafuta Royce.

Oleta alikuwa ameshainua simu. Nadine akamdaka mkono.

"Mama yangu yuko kwake."

 Nadine akaongea haraka, kwa sauti ya chini: nyumba ya mwisho Barabara ya Machimbo, mlango wa kijani, bibi ana mtungi wa hewa, hawezi kukimbia. Mpigie sherifu sisi tukishaondoka, si kabla. Wakimfikia mama kwanza, mimi nitajua la kufanya. Hakujua la kufanya hata chembe, lakini alilisema.

Oleta alirudisha pini mahali pake, akaifunga ile bastola ya marehemu mama yake Wendell. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu duka lifunguliwe. Akatazama mlango, akaingiza magazini yenye risasi kwenye ile bastola ya kijivu, akaanza kuisukuma juu ya kioo, kuelekea mkono wa Nadine. Jela ni jela tu.

Vidole vya Nadine vilibakiza upana wa kiganja kuigusa.

Kengele ikalia.

Oleta akaivuta bastola ya kijivu nyuma ya kaunta, akaifunika kwa gazeti. Wendell akaingia na mfuko wa ngozi mkononi, akitabasamu. Akaichukua bastola ya mama yake, akaivika mfuko, akaitia mwenyewe ndani ya mkoba wa Nadine, chini kabisa, akafunga zipu. Kisha macho yake yakashuka kwenye kioo. Penseli ya Oleta ilikuwa imelala pale, raba yake ina mafuta meusi.

Aliitazama kwa muda wa pumzi moja. Oleta akaiokota na kuanza kuandikia hesabu za chambo, Mungu ambariki. Wendell akaaga kwa adabu, akagusa kofia, akamshikia Nadine mlango.

Ndani ya pikapu kulinuka soseji na kahawa. Simu ya Nadine ilikuwa inachajiwa upande wa Wendell, tangu asubuhi, na Nadine hakuthubutu kuiomba. Aliongea mambo ya mvua. Aliongea kuhusu bei ya mayai. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba kama ya mtoto, akaomba Mungu Wendell asiisikie. Kichwani alikuwa akihesabu: Oleta ameshapiga simu, sherifu ameshatoka, dakika kumi mpaka Machimbo. Mama vumilia. Dakika kumi tu.

Wakafika kwenye njia panda ya kanisa. Machimbo ni kushoto.

Wendell akakata kulia.

"Umekosea njia," Nadine akasema. "Mama ananisubiri nyumbani kwako."

"Hayupo kwangu. Nimemhamisha alfajiri, kabla sijaja kukuchukua." Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, bila haraka. "Pale kila mtu anapajua, dada yangu. Mtu yeyote angeweza kumtuma sherifu pale."

 Nyuma yao magari ya sherifu yalikuwa yanakimbilia nyumba isiyo na mtu. Mbele yao barabara ya lami iliishia kwenye misitu, na baada ya hapo hakuna nyumba.

Wendell akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akatoa boksi jeupe, pana, la supamaketi anayofanyia kazi Nadine, akamwekea mapajani. Nadine hakuhitaji kulifungua. Aliujua uzito wake. Anaubeba kila siku ya Mungu. Lakini mikono ililifungua. Keki nyeupe, tupu, na kando yake kifuko cha krimu ya bluu kilichokwisha kukatwa ncha.

"Mwandiko wangu mbaya," Wendell akasema, kwa sauti ileile anayobarikia chakula mezani. "Utaandika wewe. Na safari hii ni majina mawili."

Polepole sana, chini ya boksi, mkono wa kushoto wa Nadine ulianza kutambaa kuelekea mkoba. Hakujua anaitafuta ile bastola mbovu ya nini. Labda kumpiga nayo usoni, labda mtu akizama hushika chochote. Zipu alikuwa ameshaifungua nusu.

Wendell hakugeuza hata kichwa. Macho yalikuwa barabarani.

"Iache hiyo, Nadine," akasema. "Sote wawili tunajua penseli haikuruka."